Punje Sita Pungufu

Leeuwarden, Jumatatu, tarehe 3 Mei 1658

Mistari thelathini na tisa. Umebaki mmoja.

Nimeihesabu tena baada ya uji wa asubuhi, kana kwamba wa arobaini ungeweza kujiandika wenyewe usiku. Haukujiandika. Jedwali langu la sarafu lina dukati ya Hungaria, uzito wa punje sabini na mbili, usafi wa karati ishirini na tatu na nusu. Lina pistoli ya Hispania, nzito na mwaminifu. Lina dhahabu ya Rhine, inayong'aa kuliko zote na iliyo duni kuliko zote. Lina fedha ya Simba, ambayo robo yake ni shaba na watu wanaipokea huku wakicheka. Kila sarafu nimeipima mimi, kwa mizani ya Baba, mara tatu. Iliyobaki ni Waridi ya Uingereza, ile yenye mfalme aliyesimama ndani ya meli na ua la waridi ubavuni. Sijawahi kuishika. Ya mwisho iliyopita dukani kwetu iliyeyushwa nikiwa na miaka mitano. Hakuna aliyeniuliza.

Jarich mchapaji amesema mwaka huu anachapa jedwali moja tu. Atakayemletea mistari arobaini kamili, yenye sahihi ya mpimaji aliyeapishwa, kabla ya Jumanne ijayo saa sita mchana, jina lake litakaa ukurasa wa kwanza. Rixt, binti Sikke. Nimeliandika mara kumi na moja kwenye karatasi ya kufungia jibini nione herufi zinavyokaa. Zinakaa vizuri.

Mshindani ni mmoja. Foppe Gerlofs, mwalimu wa shule ya hesabu, miaka ishirini na sita, masikio makubwa. Leo sokoni aliniuliza mbele ya wauza jibini kama bado napima unga wa shangazi yangu. Nikamjibu kwamba juzi nilipima akili yake na mizani haikusogea. Wauza jibini wakacheka. Foppe naye akacheka, jambo lililoniudhi mchana kutwa.

Jioni mezani Shangazi Ymkje, aliyenilea tangu Mama afariki, alitangaza kwamba kesho anakuja Hobbe wa Wommels, mwana wa wauza siagi, na kwamba nivae kola safi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme kichwa kinaniuma. Akaongeza kwamba wale ni watu wa maana. Katika nyumba ile wanawake wa vizazi vitatu wameposwa kwa sarafu ileile moja, ya Kiingereza, yenye mfalme ndani ya meli.

Nikaweka kijiko chini. Nikasema nitavaa kola safi.

Machozi yakamlengalenga Shangazi. Anadhani nimekua.

Jumanne, tarehe 4 Mei

Mpango ulikuwa rahisi. Mchumba huja na sarafu yake ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo legevu. Hukiweka mezani, kisha hutolewa nje aone mti wa mpeasi. Msichana akilikaza fundo, amekubali. Akiliacha vile lilivyo, kijana hunywa maziwa yake, huchukua kitambaa chake na kwenda zake, na hakuna anayesema neno. Ni desturi nzuri. Haina maneno.

Mimi ningefungua, ningepima, ningelifunga tena kwa ulegevu uleule. Angeondoka bila mke. Mimi ningebaki na mstari wa arobaini.

Hobbe ana mashavu mekundu na mikono safi sana. Aliniambia siagi ya Mei ni ya manjano kwa sababu ya majani mapya. Nikamwuliza ni nini kinachobadilisha rangi ya dhahabu. Akafikiri kwa muda mrefu, kwa bidii. Akasema huenda ni majani pia.

Shangazi akampeleka kuona mpeasi. Nilikuwa na robo saa.

Nikafungua. Mfalme yule pale ndani ya meli yake, upanga mkononi. Ikabidi niikalie mikono yangu kwanza. Nikaweka sarafu kwenye kisahani cha mizani. Waridi halali ina punje mia moja na sitini, hilo limeandikwa katika kila kitabu. Hii ilikuwa na mia moja hamsini na nne. Nikapima tena. Hamsini na nne. Nikaisugua ukingoni kwenye jiwe jeusi la kupimia, nikaweka pembeni mchoro wa sindano ya kulinganishia, yenye dhahabu ya karati ishirini na tatu. Mchoro wa sarafu ulikuwa umepauka kama uso wa mgonjwa.

Nyayo ngazini. Nikaifunga haraka, nikakaa, nikashika ushonaji wa Shangazi.

Sasa ni lazima niandike jambo hili kwa ukweli. Tangu nina miaka tisa nafunga vifurushi vya dhahabu dukani kwa Baba. Mara mbili kushoto, mara moja kulia, vuta mpaka kitambaa kilie. Mikono haikuniuliza. Nilipotazama meza, fundo lilikuwa gumu kama kokwa, na nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua nta ya muhuri.

Shangazi aliliona kwanza. Akashika kifua. Hobbe aliliona baadaye kidogo.

Akasema polepole, "Basi umekaza, Rixt." Kwa sauti ya mtu aliyefika kituoni na kukuta mashua imeondoka.

Nina mchumba.

Jumatano, tarehe 5 Mei

Bakuli la fedha limetolewa kabatini. Brandi yenye zabibu. Majirani kumi na mmoja, na kila mmoja amechota kwa kijiko kilekile na kuniambia ameshangaa. Baba alilitazama fundo, akaligeuza, akasema limefungwa vizuri. Baba ni mpimaji aliyeapishwa na hatumii maneno yasiyohitajika.

Arusi Septemba. Nitaishi Wommels. Nimeuliza kama kuna mizani Wommels. Shangazi amesema ipo kubwa sana, ya siagi. Mizani ya siagi haijui punje. Ukiweka paka juu yake haisogei.

Hata hivyo kuna neema moja. Kwa desturi, sarafu inakaa kwa mwanamke, ingawa si yake mpaka arusi. Nimeposwa, lakini ninayo.

Nimejifungia nayo saa tatu. Nimetumia sindano zote na tindikali. Karati ishirini na moja, si ishirini na tatu na zaidi. Ukingo ni mzima, kwa hiyo haikukatwa na mtu. Kisha nikaitazama kwa kioo cha kukuzia, na chini ya meli, mahali penye mawimbi, nikaona ngao ndogo kama mbegu ya haradali. Mwingereza haweki ngao pale. Hii ilifuliwa upande huu wa bahari, na mji fulani mdogo uliotaka kuonekana mkubwa. Ni Waridi ya kuigiza.

Niliweka kioo chini. Halafu nikaelewa. Hakuna jedwali lolote lenye sarafu hii. Foppe hana. Hakuna aliye nayo. Mstari wangu wa arobaini ni bora kuliko ule niliokuwa nautafuta.

Nilimpelekea Baba karatasi mbiombio. Baba akaisoma yote, akaweka kalamu pembeni. Akanikumbusha kiapo chake. Hawezi kutia sahihi juu ya sarafu iliyopungua mpaka mwenye sarafu ameambiwa ana kwa ana.

Mwenye sarafu ni Hobbe. Hilo ni jepesi. Nitamwambia Ijumaa sokoni.

Alhamisi, tarehe 6 Mei

Nimefikiri. Nikimwambia Hobbe kwamba sarafu yake ni ya kuigiza, atafedheheka. Akifedheheka, atavunja uchumba. Akivunja, nitabaki hapa, kwenye mizani yangu, na sahihi ya Baba, na jina langu ukurasa wa kwanza. Sioni kasoro mahali popote. Nimetafuta kasoro mpaka jioni.

Shangazi amehesabu mashuka. Kumi na manne. Anasema hayatoshi.

Ijumaa, tarehe 7 Mei

Kasoro imeonekana.

Nilimkuta Hobbe kando ya mapipa yake. Nilianza na kasoro zangu, ili kumwandaa. Nikamwambia sijui kupika. Nikamwambia nikikaa na watu nafsi yangu inajikunja kama jani. Nikamwambia napenda kupima vitu na kwamba nikiolewa nitapima siagi yote ya nyumba yao, kila pipa, kila siku. Akanisikiliza kwa heshima. Akasema mama yake atafurahi, kwa kuwa vibarua wanamwibia.

Ndipo nikamwambia kuhusu sarafu. Punje sita. Karati ishirini na moja. Ngao chini ya meli.

Hobbe akageuka rangi ya maziwa yaliyoondolewa mafuta. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikasema Baba. Akanishika mkono wa gauni, akanivuta nyuma ya mapipa.

"Usimwambie Mama."

Nikasema hakuna haja, ni yeye mwenye sarafu. Akasema si yeye. Sarafu ni ya mama yake, ilikuwa ya bibi yake, yeye amepewa tu aibebe. Nikasema basi sheria inataka mama yake aambiwe. Hobbe akatazama mbingu.

"Rixt, dada yangu, mimi afadhali nioe."

Nilikuwa bado nimesimama pale alipotokea Foppe, na kikapu cha samaki wa heringi. Akanipongeza. Akasema kwa nyumba ya siagi sitahitaji jedwali, na kama nataka kumwachia mistari yangu thelathini na tisa ataitunza vizuri. Nikasema afadhali niitumie kufungia heringi zake. Akasema yeye ameshakamilisha arobaini. Anayo Waridi. Nikamwuliza ina punje ngapi. Akasema mia moja na sitini, lakini alisema akitazama heringi zake, na masikio yakawa mekundu mpaka ndani.

Hajaishika. Ameitoa kitabuni. Namjua Foppe Gerlofs kama ninavyoijua dukati.

Jumamosi, tarehe 8 Mei

Wommels wameleta pipa la siagi. Na ujumbe wa Tet, mama yake Hobbe. Amesikia nataka kupima kila pipa. Anasema amemngoja mkwe wa namna hii miaka kumi. Anakuja kesho baada ya kanisa kuzungumza habari za mashuka.

Siagi ni nzuri sana. Hilo halinisaidii.

Nimeandika taarifa ya kumsomea. Nimeandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na huruma na haikueleweka. Ya nne ina namba tupu.

Jumapili, tarehe 9 Mei

Naandika nikiwa nimelala chali sakafuni. Ni raha isiyo na jina.

Tet ni mwanamke mdogo mwenye kofia kubwa. Alikaa kwenye kiti cha Baba bila kuuliza. Akasema mashuka kumi na manne ni ya kuanzia tu. Shangazi akasema bila shaka, mwenzangu. Hobbe alikaa karibu na mlango, mguu mmoja nje.

Nikasimama. Nikasoma. Uzito, punje mia moja hamsini na nne, pungufu sita. Usafi, karati ishirini na moja. Asili, si Uingereza. Thamani, gilda tisa na nusu, badala ya kumi na moja. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama uzi, lakini ilifika mwisho.

Nikasikia siagi ikilainika kwenye sahani.

Tet hakunitazama. Alimwuliza Baba kama ni kweli. Baba akainuka, akaleta mizani, akaiweka sarafu mbele ya wote, akaongeza punje moja moja mpaka sindano ikasimama. Akasema, "Hamsini na nne." Akakaa.

Tet akaichukua sarafu, akaisogeza karibu na jicho.

"Marehemu mama mkwe aliniambia kumi na moja," akasema. "Miaka thelathini nimemfulia yule bibi nguo, kwa kumi na moja."

Nilidhani atalia. Badala yake akauona ule mkwaruzo wa ukingoni, nilipoisugua kwenye jiwe. Akauliza ni nani aliyeikwaruza. Nikasema ni mimi, Jumanne, kabla ya kufunga. Akanitazama sasa, kwa mara ya kwanza. Akasema wanawake watatu wameipokea sarafu ile, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuipima. Sikujua kama nimesifiwa. Nadhani na yeye hakujua.

Hapo ndipo Shangazi aliponiokoa, naye hajui mpaka sasa.

Akasema kwa utamu kwamba jambo hili ni dogo, mwenzangu. Binti yetu ni wa gilda kumi na moja kama waliotangulia. Wommels wajazie gilda moja na nusu, mambo yaishe.

Tet akaweka sarafu mezani. "Nijazie? Mimi?"

"Si wewe, mwenzangu. Ni nyumba."

"Nyumba ni mimi. Nawe ukumbuke, ilikuwa ya kumi na moja mpaka binti yenu alipoigusa. Ninyi ndio mnijazie."

Shangazi akasema katika familia ya Sikke mtu hapokelewi kwa bei ya punguzo kama jibini lililovunjika. Tet akasema jibini lililovunjika angalau halikwaruzi mali ya watu. Shangazi akashuka hadi gilda moja. Tet hakupanda hata sarafu ya shaba. Walibishana nusu saa nzima, vizuri sana, kama watu waliokuwa wakingoja nafasi hiyo maisha yao yote. Mimi na Hobbe tulitazamana. Nilimwona akiomba kimoyomoyo. Nadhani tuliomba kitu kimoja.

Tet akasimama. Akachukua sarafu. Akachukua pipa la siagi, lililokwisha kuliwa robo. Shangazi akasema basi kitambaa kibaki. Hakikubaki.

Mlangoni Hobbe alinipa mkono. Alikuwa anatabasamu, na meno yake ni mazuri, sikuwahi kuyaona. Akaninong'oneza kwamba hajalala tangu Jumanne. Nikamwambia nami pia. Akasema nikihitaji siagi nimwambie yeye, si mama yake.

Uchumba wangu umevunjika kwa gilda moja na nusu. Sijawahi kupenda hesabu kiasi hiki.

Jumatatu, tarehe 10 Mei

Baba ametia sahihi. Mwenye sarafu ameambiwa ana kwa ana. Baba akaongeza, akikausha wino, kwamba ameambiwa hasa.

Shangazi hasemi nami. Anamwambia paka, nami nasikia. Amemwambia paka kwamba kuna wasichana wanaopima vitu visivyopimwa. Paka hakupinga.

Kwa Jarich nilimkuta Foppe, naye na karatasi zake. Jarich akaweka majedwali mawili sambamba, akafuata mistari kwa kidole. Thelathini na tisa ilikuwa sawa kabisa. Punje kwa punje. Sikujua kwamba mtu mwingine katika mji huu anapima mara tatu.

Jarich akafika wa arobaini. Akamwuliza Foppe Waridi yake aliipimia wapi. Foppe angeweza kudanganya. Kuna wengi wangedanganya. Akasema hajawahi kuishika, ameichukua kitabuni, na akakunja karatasi zake mwenyewe. Kisha akaomba kuusoma mstari wangu. Aliusoma muda mrefu. Akauliza ile ngao chini ya meli niliionaje. Nikasema kwa kioo. Akasema, "Hakuna mtu Friesland nzima aliyeiona hiyo, binti Sikke." Hakucheka.

Jina langu litachapwa. Nimetembea nyumbani kwa njia ndefu, kuzunguka mfereji, ili furaha isiishe upesi. Nimejifunza mengi wiki hii. Sitagusa tena kitambaa cha mtu. Naandika hapa ili nisisahau.

Alhamisi, tarehe 13 Mei

Jambo la ajabu kidogo.

Foppe amekuja nyumbani, na kola safi. Sielewi kwa nini alivaa kola safi kwa mazungumzo ya sarafu. Shangazi, aliyekuwa bado anazungumza na paka tu, ghafla amepata sauti. Anaimba. Ametoa bakuli la fedha analisugua. Nadhani ni hali ya hewa.

Foppe alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema Jarich anataka chapa ya pili mwakani, yenye mistari hamsini, na kwamba kazi hiyo ni kubwa kwa mtu mmoja. Nikasema nakubali, ni kubwa. Akaweka kitu mezani. Akasema ndani yake kuna kitu ambacho bado sijakipima. Masikio yalikuwa yanawaka. Anaumia bado kwa kushindwa, ni wazi. Amekuja kunijaribu.

Shangazi akamchukua akaone mpeasi. Mpeasi hauna hata tunda mwezi huu.

Ni kitambaa. Kizuri, cheupe, kimefungwa. Lakini Foppe ni mtu wa hesabu, si wa mambo hayo. Watu wa hesabu hubebea sarafu katika kitambaa ili zisikwaruzike. Hata Baba hufanya hivyo.

Nimefungua. Msalaba mrefu wa Ureno, sarafu ya dhahabu. Sijawahi kuuona mpaka leo. Punje sabini na tatu. Karati ishirini na tatu na robo tatu. Nimepima mara tatu, na mara ya nne kwa kupenda tu. Haina upungufu wowote. Moyo unanienda mbio, kama kawaida yangu mbele ya dhahabu safi.

Safari hii nilikumbuka. Nimelifunga fundo kwa ulegevu, kama nilivyolikuta, nikarudi nyuma nikalitazama. Linaning'inia. Likifunguka njiani, mtu atapoteza sarafu halali kabisa mferejini, na kosa litakuwa langu. Hilo siwezi kulivumilia.

Nimelikaza kidogo tu. Mara mbili kushoto, mara moja kulia.

Nasikia nyayo ngazini.